Andika Vibaya, Urudi Nyumbani

Rothenau, 4 Februari

Dada yangu Serafina,

Kabla ya yote nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu Mama Mkuu, masista wa jikoni wanaonipenda, masista wengine wasionipenda, na zaidi ya wote mwanangu Orsetta. Mimi nipo. Meno mawili yameniaga tangu Krismasi na magoti yanalalamika kwenye ngazi, lakini nipo. Tita, mpishi ambaye serikali ilinilazimisha nije naye ili wageni wasinitilie sumu, ndiye anayeniua taratibu. Kila kitu anapika na kabichi. Juzi nimeota dagaa wa siki na vitunguu, nikaamka machozi yananitoka. Usimwambie kaka Zaccaria, atanicheka mpaka Pasaka.

Haya, nije kwenye jambo lenyewe. Walinituma huku kwa miaka miwili, na huu ni msimu wangu wa nne wa baridi. Mtawala wa nchi hii anawinda nguruwe asubuhi, anakula nguruwe mchana, na akiniona mimi anakumbuka ghafla kwamba ana miadi na daktari. Nimechoka, dada. Nimechoka mpaka nachukia viatu vyangu.

Sheria yetu unaijua: balozi haachi kituo mpaka mbadala wake afike. Nikiondoka kabla, nimeisaliti Jamhuri. Na mbadala hafiki, kwa sababu kila wanayemchagua pale Senetini anaugua siku ya pili yake. Wa kwanza mguu. Wa pili kasema hawezi kumwacha mama yake mzee. Mama yake! Mazishi ya yule bibi nilihudhuria mimi mwenyewe, nikashika mshumaa! Nimemwandikia Zaccaria mara ngapi asimame anisemee? Kimya.

Sasa nakuomba. Orsetta alipovaa nguo za unovisi, yaani za mtawa anayejaribiwa, mwaka jana, mimi, wewe na Zaccaria tulielewana kwamba ni njia ya kumpatia mahali pa kukaa nikiwa mbali, basi. Mama yake hayupo, na msichana hawezi kuishi na baba yake mkubwa kapera katika nyumba isiyo na mwanamke hata mmoja. Lakini asiweke nadhiri. Mshike hapo hapo mpaka nije. Mwambie baba yake anakuja kumtoa.

Ndugu yako,
Lunardo


Utawa wa Santa Liberata, Venezia, 27 Februari

Mdogo wangu Lunardo,

Salamu zako zimefika, na masista wasiokupenda wameuliza ni akina nani hao. Huku wote wazima isipokuwa Mama Mkuu, ambaye kikohozi kimemshika tangu Jumatano ya Majivu na sasa anatoa amri kwa ishara za mikono. Maji yalipanda mpaka kwenye bustani yetu, kabichi zikafa. Nilipomwambia Orsetta kuwa wewe umechoka kabichi, alisema, "Shangazi, angekuja kuzizika hizi basi." Ana ulimi wako yule mtoto.

Ana miaka kumi na saba, Lunardo. Anakata nywele kwa shingo upande, anaimba kwa shingo upande, anakunja mashuka vizuri mno. Mwaka wake wa unovisi unaisha sikukuu ya Maria Magdalena, Julai. Siku hiyo ama aweke nadhiri, ama atoke. Nimemwomba Mama Mkuu aongeze muda, amekataa kwa mkono. Zaccaria naye anasema kumwoza msichana siku hizi ni kuifilisi nyumba, na akitoka hana pa kumweka. Kwa hiyo atatoka aende wapi? Atatoka aje kwako, na wewe huko Rothenau unakula nguruwe.

Usimlaumu sana Zaccaria kwa kukaa kimya. Umesahau utaratibu? Kila jambo lako likitajwa Senetini, ndugu zako wote wanatolewa nje, mlango unafungwa. Kaka yetu anasimama kwenye baraza na baridi yote ile, akisikia watu wakicheka humo ndani.

Na wanacheka kweli. Sasa kaa chini nikwambie unachokijua nusu. Humu ndani tuna dada, mabinti na shangazi wa nusu ya Seneti. Siku za wageni, wakubwa wale wanakuja kwenye kimia chetu cha chuma kinachotutenga na watu wa nje, wanakula biskuti zetu, na midomo yao haina komeo. Unajua wanachosema? Kwamba siku zinaposomwa barua zako watu wanawahi viti. Mzee mmoja anayelala tangu achaguliwe huamshwa na jirani yake: "Amka, ni Lunardo." Wanaigiza sauti ya Mtawala wako mlangoni wakitoka. Nani atamtoa mtu huyo? Nani naye anataka kwenda kusomwa baada yako?

Huzuiliwi na mguu wa mtu wala mama wa mtu. Unazuiliwa na kalamu yako. Dawa ni moja: andika vibaya. Wachoshe. Wafanye wapige miayo mpaka taya ziwaume, nao watakurudisha kwa kauli moja.

Orsetta anajua. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, akasema, "Baba hawezi." Mwoneshe.

Serafina


Rothenau, 25 Machi

Dada yangu,

Nakusalimu wewe na nyumba yote. Mpe Mama Mkuu asali na limau, na asiongee, ingawa naona hilo limeshajipanga lenyewe. Huku theluji imeanza kuoza. Tita amepata samaki wa mtoni, akampika na kabichi.

Barua yako ilinikasirisha siku mbili nzima. Nikasema, ndiyo shukrani hiyo? Miaka ishirini najifunza kumsikiliza mtu anavyokohoa kabla ya kudanganya, leo naambiwa nikae kama karani wa forodha? Siku ya tatu nikafurahi kidogo kuhusu yule mzee anayeamshwa. Ni nani? Ni Messer Fantin? Usiniambie. Niambie.

Siku ya nne nikamkumbuka mwanangu akisema baba hawezi.

Basi nimeandika. Nimewapelekea kurasa saba juu ya bei ya shayiri. Ukurasa wa kwanza ni shayiri ya mwaka huu, wa pili ya mwaka jana, wa tatu nalinganisha. Nimesema "kama nilivyokwisha kueleza hapo juu" kila baada ya mistari michache. Mke wa Mtawala alimrushia waziri kandili ya shaba mezani, na mimi, dada, mimi nimeandika: "Mazungumzo ya chakula cha jioni yalikuwa na tofauti ndogo za maoni." Nilipoifunga ile bahasha nilihisi nimemzika mtu akiwa hai.

Lakini nitaendelea. Mwambie Orsetta baba yake ameweza. Mwambie aanze kuacha kukunja mashuka.

Lunardo


Santa Liberata, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Pasaka njema iliyopita. Mama Mkuu amepona na sauti imerudi, Mungu atusaidie. Zaccaria alituletea mwanakondoo, akakaa saa nzima anazungumzia nyonga yake. Nakupa salamu zake kwa sababu aliniambia nikupe.

Sasa sikiliza, kaa vizuri. Inafanya kazi! Shayiri yako imewaua. Bwana mmoja alikuja kumwona binti yake Alhamisi, akasema kwa uchungu kabisa, "Lunardo amezeeka, maskini. Ule ubongo umeganda na baridi." Mwingine anasema umeanza kunywa. Nilikaa nyuma ya kimia nimejiziba mdomo kwa shela.

Na kuna zaidi. Nimempata mtu wa kukupokea. Ni Messer Benetto, yule mrefu. Shangazi yake, Sista Ludovica, anataka kuwa Mama Mkuu zamu ijayo, na kura za masista wanne zinanifuata mimi. Tumeelewana. Yeye amemwita Benetto hapa kimiani akamwambia kuwa hana mguu unaouma, hana mama, na Rothenau kuna hewa nzuri. Jitu zima lile limetoka hapa limeinamisha kichwa. Seneti itapiga kura wiki ya kwanza ya Juni. Akiondoka mara moja, utakuwa nyumbani kabla ya Magdalena.

Orsetta ameniuliza kama bado unanyoa ndevu au unafuga. Nikamwambia sijui. Amekaa anafikiria jambo hilo siku nzima. Jana nimemkuta anaimba jikoni, tena si zaburi.

Mimi uliniuliza zamani kama naona uchungu kwa ajili yake, na sikukujibu. Sijibu leo pia. Nilipoletwa hapa mlisimama mlangoni wewe na Zaccaria mmevaa kofia mpya, mkala keki, mkaondoka. Endelea na shayiri.

Serafina


Rothenau, 18 Mei

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa Orsetta, na kwa Sista Ludovica, Mungu ampe anachokitamani. Mimi mzima. Hali ya hewa nzuri. Tita mzima.

Huku hakuna jipya. Sikukuu zimepita, kanisani kulikuwa na zogo dogo la viti, mambo ya kawaida ya hapa. Nafuga ndevu. Mwambie Orsetta zina mvi upande wa kushoto tu.

Nimeanza kufungasha vitabu. Nina haraka, tarishi amesimama mlangoni.

Lunardo


Santa Liberata, 12 Juni

Lunardo,

Wazima. Hayo ndiyo maamkizi.

"Zogo dogo la viti." Unaniandikia mimi "zogo dogo la viti"! Na kwa tarishi yule yule, katika mfuko ule ule, umeipelekea Seneti kurasa kumi na mbili!

Najua kila neno. Venezia nzima inajua kila neno. Wajumbe wawili waliogombea kiti cha mbele kanisani. Mmoja akawahi kukaa, mwingine akamkalia mapajani. Hakuna aliyekubali kuinuka, misa nzima, hata pa kupiga magoti. Wa chini akiimba Sala ya Bwana kwenye mgongo wa wa juu. Padri akashindwa ampe nani amani kwanza, akawabusu wote wawili kwa mpigo. Mtawala akacheka mpaka mkanda ukakatika. Ndiyo, inachekesha! Nimecheka mimi, na nilikuwa nalia kwa hasira!

Zaccaria alikuwa nje kwenye baraza kama kawaida. Anasema alisikia kicheko, kikanyamaza, halafu kikaanza upya, ndipo akajua kuwa wameomba isomwe tena. Jina la Benetto lilikuwa limeshaandikwa. Kura zilikuwa zimehesabiwa vichwani. Messer Fantin, ndiyo, ni yeye, alisimama, mzee ambaye hajasimama tangu sijui lini, akasema, "Mabwana, mtu huyu amepona. Tunamtoa kwa nini?" Wakapiga makofi. Benetto amesogezwa mpaka mwisho wa Agosti, na aliondoka humo ndani anarukaruka.

Ungeandika mistari miwili! Ungesema tofauti ndogo za maoni! Uliweza kwa mke wa Mtawala na kandili yake, kwa nini ukashindwa kwa makalio ya watu wawili?

Sasa la Orsetta, maana najua unaliruka kwa macho ulifikie. Nakala ya barua yako ilifika hapa kimiani Jumapili. Binti wa mtu fulani aliisoma kwa sauti kwenye chumba cha kushonea. Orsetta alicheka kuliko wote. Alijishika mbavu. Akasema, "Huyo ndiye baba yangu." Kisha akaomba aione karatasi, akatazama tarehe. Akaniangalia. Akakaa, akaendelea kushona.

Tangu siku hiyo hajaniuliza unakuja lini.

Serafina


Rothenau, 8 Julai

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Nakusalimu.

Nimejaribu kuandika barua hii mara nyingi na kila mara inatoka nzuri, nikaichana. Hii naiacha kama ilivyo.

Nilikaa siku ile niandike shayiri. Nakuapia. Niliandika "Bei ya shayiri haikubadilika." Halafu nikaona kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa mle kanisani mwenye macho ya kuliona jambo lile. Nikiliacha limekufa. Miezi miwili nilikuwa nimeishi kama bubu, dada. Mtawala hanisikilizi, Tita hanisikilizi, nilichonacho huku ni ile saa moja ninapoandika na kujua kwamba mbali huko kuna chumba kizima kitacheka. Nikasema mstari mmoja tu. Kisha nikasema barua moja haiwezi kubadili kura. Nilijidanganya, na nilijua najidanganya, na mkono ulikuwa unakwenda.

Nimefungasha mizigo niondoke bila ruhusa. Nimeifungua. Nimefungasha tena. Wakinikamata mpakani Orsetta atakuwa binti wa mhaini, na hapo hata nyumba ya Zaccaria itatwaliwa. Au naogopa tu. Sijui tena.

Mwambie akatae. Asimame mbele ya askofu aseme hapana. Askofu analazimika kumuuliza kama ni kwa hiari yake, ndiyo sheria. Aseme hapana, na nitampokea hata kama itabidi alale mlangoni kwa Zaccaria mpaka nifike. Nimemwandikia Zaccaria kwa ukali. Mwambie. Barua hii na ifike kwa wakati.

Lunardo


Santa Liberata, 2 Agosti

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Zaccaria mzima, nyonga vile vile.

Barua yako ilifika sikukuu ya Mtakatifu Ana, siku nne baada ya Magdalena.

Askofu alimuuliza. Nilikuwa nimesimama karibu, nimeshika mshumaa, na nilimbana mkono kwa nguvu ili ajue kwamba anaweza. Alijibu ndiyo, kwa sauti inayosikika mpaka nyuma. Baadaye nilimuuliza kwa nini, mwanangu, kwa nini hukukataa? Akasema, "Nikatae niende kumsubiri wapi, shangazi? Hapa angalau najua mlango unafungwa saa ngapi."

Benetto anaondoka mwisho wa mwezi huu. Ameshindwa kuugua.

Serafina


Chumba cha wageni, Santa Liberata, 9 Novemba

Dada,

Usishangae kuona wino mbichi. Niko chini. Niko hapa kwenye benchi mbele ya kimia, na sista wa mlangoni amenipa kalamu, maana anasema bila ruhusa yako hapandi kumwita mtu.

Nimefika jana jioni. Leo asubuhi nimesoma taarifa yangu ya ubalozi mbele ya Seneti. Laiti ungekuwepo! Nimesimama kwa muda wa saa tatu, na hakuna aliyetoka hata kwenda haja. Messer Fantin amenikumbatia. Zaccaria alisimama barazani muda wote, masikini, na amesema amesikia kila kitu. Nimetoka pale nikaja hapa moja kwa moja, hata nyumbani kubadili nguo sijaenda.

Nimemletea Orsetta shali ya sufu kutoka Rothenau. Ile mikufu ya dhahabu aliyonipa Mtawala nimekabidhi serikalini kama sheria inavyotaka, lakini shali wameniachia. Ndevu zangu bado zipo, ili azione. Nina mengi ya kumwambia, na nimeapa kuyasema bila mapambo. Mwite, dada yangu. Mwambie baba yake yuko chini.

Lunardo


Juu, siku hiyo hiyo

Lunardo,

Karibu nyumbani. Nimekuchungulia kutoka dirisha la ngazini. Umekonda, na hizo ndevu zinyoe.

Nilimwambia, na alishuka. Nataka ujue hivyo: alishuka mbio, mpaka nikamwambia asianguke. Alifika pale ngazi zinapopinda, akasimama, akaniuliza ulifika lini. Nikasema jana. Akauliza, "Na leo asubuhi alikuwa wapi?"

Ulitaka nimwambie nini? Sheria inampa balozi siku kumi na tano za kutoa taarifa yake tangu afike. Hakuna binti wa balozi asiyejua.

Amerudi juu. Hakulia wala hakusema neno baya. Shali iache mlangoni, huku kuna baridi na ataivaa. Amesema nikusalimie, na kwamba amefurahi umefika salama.

Serafina